Mjomba wa Kushoto

Kwa madai ya jirani, mambo yalikwenda hivi. Jumamosi aliamka mapema, akanywa chai kavu, akakaa mezani mpaka kiti chenyewe kikamchoka, na kufika jioni alikuwa ameandika zoezi lote peke yake, mstari mmoja baada ya mwingine, bila kumuuliza mtu. Jumapili akampelekea mwenzake wa chumba cha pili, kwa wema tu, amtazamie kama kuna kosa. Mwenzake akasema hakuna kosa. Jumatatu kazi mbili zikamfikia mwalimu zikiwa zimefanana kama pacha, na yeye jirani, aliyelelewa vizuri na wazazi wanaoheshimika, akaumia sana kugundua kwamba ameibiwa na mtu aliyekuwa akimwita dada.

Hayo yote aliyaandika kwenye karatasi mbili, akatia sahihi, na chini ya sahihi akaongeza kwamba hana kinyongo na mtu.

Kitinda aliisoma karatasi hiyo Jumanne, akiwa amesimama kwenye dirisha la karani wa idara. Mara ya kwanza alidhani amepewa ya mtu mwingine. Mara ya pili alipofika kwenye kinyongo akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole halafu akatakiwa yeye ndiye aombe radhi. Karani, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, akamuuliza kama kuna la kuchekesha. Kitinda akasema hapana, mama. Basi akaambiwa asaini kwamba amesoma, na kwamba kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi saa nne.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, maana ndiye kitindamimba, wa saba kati ya saba. Huku ugenini alijitambulisha kwa hilo hilo, kwa sababu lile la kwenye pasipoti liliwashinda watu, wakawa wanalitafuna kama mfupa. Alikuwa amekuja kusomea shahada ya pili ya kompyuta, na mwaka wa kwanza ulikuwa unaelekea ukingoni. Sasa mambo yalikuwa mawili tu. Kamati ikimwona hana hatia, anaingia mwaka wa pili. Ikimwona ana hatia, anapata sifuri ya somo zima. Sifuri hiyo inaangusha wastani wake, wastani ukianguka ufadhili unakatwa, na ufadhili ukikatwa kibali cha kukaa nacho kinakufa. Ilikuwa kama ngazi: ukiteleza kidato cha juu, vilivyobaki unavihesabu kwa mgongo.

Tuseme sasa yaliyotokea kweli.

Jirani alikuwa na mkono wa kuomba usiochoka. Walikaa vyumba vinavyogusana katika hosteli ya wanafunzi, ukuta kati yao mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anamwombea afya. Jirani naye alikuwa mgeni, wa nchi nyingine kabisa, lakini baba yake ndiye aliyemlipia kila kitu. Alianza kwa kuazima chumvi, akaja kwenye chaja, akaja kwenye pasi, na ile pasi ikahamia kwake moja kwa moja kama bibi harusi. Kitinda hakuidai. Kwao mtu akija kuomba moto haulizwi anapika nini.

Ijumaa ile alasiri jirani akabisha hodi, macho mekundu. Akasema programu yake inakataa, kila akiiendesha inaanguka, kichwa kinamuuma, na zoezi linatakiwa Jumatatu. Akaomba aonyeshwe ya Kitinda.

"Nitaitazama kwa macho tu," akasema. "Sitaigusa. Nikishaelewa naifuta, haki ya Mungu."

Kitinda akatia faili kwenye flashi, akampa. Hilo ndilo kosa lake, na tusimtafutie jingine.

Idara ile ilikuwa na programu ya kukagua wanaonakili. Wanafunzi waliiita Mbwa, kwa kuwa kazi yake ni kunusa. Unaweza kubadilisha majina, ukapanga mistari upya, ukaweka nafasi hapa na pale, Mbwa atanusa tu kwamba mifupa ni ile ile. Lakini Mbwa ana kasoro moja: hajui nani kamwibia nani. Anabwekea wawili kwa sauti moja na kurudi kulala. Yanayobaki ni ya wanadamu.

Jambo la kwanza ambalo mwanadamu yeyote angelitazama ni tarehe. Faili la kompyuta linabeba tarehe yake kama mtoto anavyobeba cheti cha kuzaliwa. La jirani lilisema Jumamosi. La Kitinda lilisema Januari mosi, miaka kumi na miwili iliyopita.

Ni hivi. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo kama kifungo cha shati, ndicho kinachokumbuka saa na tarehe mashine ikizimwa. Kompyuta ya Kitinda ilikuwa ya mkono wa tatu, na kibetri chake kilikufa tangu nyumbani. Kila akiiwasha inaamini imetoka kiwandani leo. Alikuwa akiirekebisha zamani, baadaye akaacha, maana ni sawa na kumkumbusha mlevi njia ya kwake: kesho atakuuliza tena. Na alipokuwa na kazi nzito alizima intaneti, asisumbuliwe, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuirudisha mashine kwenye mwaka wake. Alikuwa amepanga kununua kibetri kipya. Amepanga tangu mwezi wa pili.

Akarudi kwa karani kuuliza kama anaweza kuleta maelezo yake kuhusu saa hiyo. Karani akampa fomu. Fomu ilikuwa na mistari mitano ya jibu la mtuhumiwa, na chini yake sahihi ya mwalimu wa somo. Akapanda ghorofa ya tatu kwa mwalimu wa somo. Mwalimu, kijana mwembamba ambaye shati lake halikosi chokaa mgongoni, akasema kwa upole kwamba yeye ni shahidi katika kesi hii, haruhusiwi kugusa karatasi ya upande wowote. Akashuka kwa karani. Karani akasema basi sehemu ya sahihi iachwe wazi, ila akaongeza kwamba fomu yenye sehemu iliyo wazi haipokelewi.

"Sasa nifanyeje, mama?"

Karani akafikiri. Akamwambia aandike hapo kwamba sahihi imekosekana, halafu asaini yeye mwenyewe kuthibitisha kukosekana kwake. Kitinda akaandika, akasaini. Kuna watu wakichoka hupiga kelele. Yeye akichoka alizidi kuwa na adabu, mpaka anayemjua anaanza kuogopa.

Jumatano mchana akampigia dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye simu yake ndiyo ilikuwa simu ya nyumba nzima. Akamweleza kila kitu taratibu. Dada akasikiliza huku mashine ikinguruma, akasimamisha mguu, akasema, "Mdogo wangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwache aivae, itamwanguka mbele za watu."

Kitinda akasema nguo yenyewe ni yake, na atakayebaki uchi huenda akawa yeye.

"Wema hauozi," dada akasema.

"Labda hauozi, dada. Lakini huu umeanza kunuka."

Kabla dada hajajibu, simu ikanyakuliwa na kaka yao wa nne. Yeye hakuwa na habari ya kamati wala jirani. Alikuwa amesahau namba ya siri ya simu aliyoiokota kwenye gari, yaani aliyopewa, na alitaka Kitinda aifungue kutoka huko huko aliko. Kitinda akasema haiwezekani. Kaka akauliza kwa masikitiko makubwa, sasa huko muda wote huu wanamfundisha nini? Akamrudishia dada simu. Mama naye akasikika kutoka mbali akiuliza kama mtoto amekula.

Jioni ile, kabla jua halijazama, akaenda kubisha mlango wa pili. Ndani muziki ukapunguzwa. Akabisha tena, akasema ni mimi, na najua uko ndani kwa sababu nimesikia ukipunguza. Jirani akafungua mlango kiasi cha kupitisha uso.

Kitinda hakuja kugombana. Alimwambia tu kwamba ameisoma karatasi yake, na anaomba aende kesho akaseme ukweli. Jirani akatazama sakafu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake ni mkali, kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuitwa mwizi, na kwamba Kitinda hajui ilivyo.

"Wewe una akili," akasema. "Ukipewa sifuri utajinyanyua. Mimi nikianguka nimeanguka."

"Kwa hiyo kosa langu ni akili?"

"Sijasema kosa. Nasema unaweza kuvumilia."

Hilo la uvumilivu Kitinda alikuwa amelisikia tangu anazaliwa. Wa mwisho kuzaliwa ndiye wa mwisho kuoga, wa mwisho kupakuliwa, na akilalamika anaambiwa subira huvuta heri. Akasimama pale, akamtazama jirani usoni bila kupepesa, mpaka mwenzake akafunga mlango polepole kama mtu anayefunika chakula.

Alhamisi saa nne kamati ikakaa katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu kuliko watu wake. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene wa hisabati aliyekuwa akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu yake. Kulia kwake alikaa mwalimu wa somo, kushoto karani na daftari lake. Jirani alikaa upande wa dirishani amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri sana. Kitinda akaliona, akaijua pasi.

Mwenyekiti akaanza na tarehe. Akasogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hapa inaonyesha kazi hii uliiandika miaka kumi na miwili iliyopita," akasema. "Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na mmoja, mheshimiwa."

"Ulianza mapema."

Karani akakohoa ndani ya leso. Kitinda akaeleza habari ya kibetri. Mwenyekiti akasema huenda ni kweli, lakini saa iliyokufa haiwezi kuitwa kutoa ushahidi. Akaweka karatasi kando, na pamoja nayo tegemeo la kwanza la Kitinda.

Likabaki moja, nalo lilikuwa majina aliyoyatumia ndani ya programu. Ili lieleweke ni lazima nieleze mti uliotakiwa katika zoezi lile.

Watu wa kompyuta wana mti wao. Umepinduliwa, mzizi juu, matawi chini, na kila kifundo cha tawi kina mzazi mmoja, ila mzizi hauna, na watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia. Kila kifundo kina rangi, nyekundu au nyeusi. Ukiingiza mtoto mpya lazima umtazame ndugu wa mzazi wake, kwa sababu rangi ya ndugu huyo ndiyo inayoamua kama tawi litageuzwa au litaachwa. Vitabu vyote vya darasani vinamwita ndugu huyo kwa neno moja tu, awe upande gani. Hilo lilimkera Kitinda tangu siku ya kwanza. Ndugu wa mzazi yupi? Kwao mjomba ni mjomba, unaweza kumtania. Baba mdogo ni baba, mtanie uone. Mtu gani mwenye ukoo anaweza kuwafunga wote kamba moja?

Mwanzoni alifuata vitabu, akawachanganya wa kushoto na wa kulia, akapoteza wiki nzima akitafuta kosa. Ndipo alipoamua kutumia lugha ya kwao. Ndugu wa kushoto akamwita mjomba, wa kulia akamwita baba mdogo, na aliyewazaa akamwita bibi. Mwishoni kulikuwa na kipande kinachozunguka mti mzima kukagua kama kila kitu kimekaa sawa. Hicho akakiita shangazi, kwa sababu ndiyo kazi ya shangazi: anafika bila kualikwa, anafunua kila sufuria, na akiondoka nyumba imenyooka. Tangu hapo hakukosea tena.

Na majina hayo yote, kama yalivyo, yalikuwa ndani ya kazi ya jirani. Alikuwa amehamisha mistari, amevunja vipande akaviunga kwingine, lakini majina hakuyagusa. Aliyaona kama herufi tu zisizo na maana, akadhani yatamfanya aonekane mtaalamu.

Mwenyekiti akamuuliza jirani ameyatoa wapi.

"Ni majina tu," jirani akasema. "Nimeyabuni. Kompyuta haijali majina."

Mwalimu wa somo akakubali kwamba hilo ni kweli. Ukiita kitu kijiko au kitanda, mashine inafanya kazi ile ile. Kitinda akaomba ruhusa ya kumuuliza mwenzake swali moja. Akapewa. Akainuka, akaweka kidole kwenye karatasi ya jirani, kwenye jina la mjomba, kisha kwenye la baba mdogo.

"Huyu na huyu wana tofauti gani?"

Jirani akatazama, akamtazama mwenyekiti, akatazama tena. "Hawana tofauti. Ni kitu kimoja, majina mawili. Kwa kupendezesha."

Basi Kitinda akawaeleza. Alieleza polepole, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Mwenyekiti akataka uthibitisho kwamba maneno hayo yapo, si ya kubuni. Karani akatoa simu yake, akayaandika ili iyatafsiri, akangoja, akavua miwani akaivaa.

"La kwanza liko sawa," akasema. "Hili la pili inaniambia ni baba mfupi."

"Baba mfupi?" mwenyekiti akauliza. "Baba yako ni mfupi?"

"Ni mdogo wake baba, mheshimiwa. Anaweza akawa mrefu."

"Kwa hiyo si baba."

"Ni baba."

"Una baba wawili?"

"Watano, mheshimiwa. Wawili wakubwa, wawili wadogo, na aliyenizaa."

Mwenyekiti akafunga kifuniko cha kalamu. Akasema hesabu hiyo ataifikiria akiwa nyumbani. Mwalimu wa somo alikuwa amesahau kabisa kwamba ni kesi, akawa anachora mti nyuma ya ajenda na kuuliza kama binamu nao wana pande. Kitinda akamjibu, maana huwezi kukataa kumjibu mwalimu, lakini ndani alihisi kama mgonjwa anayeulizwa na daktari ameshona wapi shati lake zuri.

Kisha mwalimu akasita. Akavuta kazi ya jirani, akageuza mpaka ukurasa wa tatu, akafuata mstari kwa kidole. Akasema hapa ndipo alipomkata alama kumi. Alishangaa wakati ule: ndugu wa mzazi akiwa kushoto mti unasimama vizuri, lakini akiwa kulia unalala chali. Sasa ameona sababu. Mwandishi, alipokuwa akihamisha mistari, ameweka mjomba pande zote mbili. Aliyeyatunga majina yale asingeweza kukosea hivyo, maana aliyatunga ili asikosee hivyo.

Jirani akaanza kulia bila sauti, mabega yakimtikisika. Karani akamsogezea leso, ile ile aliyokoholea.

Kitinda akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikuwa tayari kukusanya karatasi zake aende akampigie dada.

"Kwa hiyo kamati imeridhika," mwenyekiti akasema, "kwamba kazi hii ni yako." Akavuta kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafungua. "Kifungu cha tisa. Aliyetoa kazi na aliyepokea kazi, hatia yao ni moja. Tumethibitisha kwamba ni yako. Basi tumethibitisha kwamba ulimpa."

Kitinda akabaki ameinama nusu, karatasi mkononi. Alikuwa kama mtu aliyechimba kisima siku tatu, akayapata maji, kisha akasukumwa humo humo.

"Mheshimiwa, ningekaa kimya?"

"Ungekuwa mwizi."

"Na nimesema."

"Umekuwa mtoaji."

"Na adhabu ipi ni nafuu?"

Mwenyekiti, kwa haki yake, akaangalia. Akapitisha kidole chini ya ukurasa, akageuza, akarudi. "Ni ile ile," akasema, na ilionekana hata yeye halijampendeza.

Mwalimu wa somo akamnong'oneza. Wakafungua ukurasa mwingine. Hatimaye mwenyekiti akasema kipo kifungu kidogo. Ikiwa mtoaji alitoa kazi itazamwe tu, na akaahidiwa kwamba haitanakiliwa, anasamehewa kwa onyo. Lakini ahadi hiyo lazima iandikwe na aliyeipokea kazi, kwa mkono wake mwenyewe. Mtoaji hawezi kujishuhudia. Barua imfikie karani Jumatatu, kabla ya saa nne.

"Na mimi nikiandika?" jirani akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanze kulia.

Mwenyekiti hakumficha. Bila barua, wote wawili wanapata sifuri ya somo, na anayelipiwa na kwao anaweza kulirudia mwakani. Kwa barua, sifuri inabaki kwake peke yake, na kwa kuwa atakuwa amekiri kuvunja ahadi na kuidanganya kamati, atasimamishwa masomo mwaka mzima. Nyumbani kwao watapelekewa taarifa.

Jirani akaitikia kwa kichwa. Kitinda akasikia kila neno la hesabu hiyo. Bila barua, mmoja anarudia somo na mwingine anapanda ndege. Walitoka chumbani wakiwa wameongozana, wakakaa ndani ya lifti moja ghorofa nne, kila mmoja akizitazama namba.

Ijumaa Kitinda hakumfuata. Alijiambia mtu apewe siku moja ya kupambana na moyo wake. Alikwenda kumwona mwalimu wa somo, ambaye alisema angependa sana kumsaidia, akamsifia majina yake tena, akamwambia ayaandikie makala. Alikwenda kwa karani kuuliza kama barua lazima iwe kwenye fomu. Karani akasema karatasi yoyote, hata ya daftari, mradi sahihi iwepo, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu.

Jumamosi jirani hakusikika chumbani. Jumapili saa sita mchana Kitinda akashuka chini kwenye chumba cha kufulia, akamkuta huko. Kulikuwa na mashine tatu. Mbili zilikuwa zimebandikwa karatasi ya mbovu, ya tatu ilikuwa inazunguka. Jirani alikuwa amekaa kwenye benchi, kapu la nguo zilizokauka miguuni, anakunja. Alipomwona akaendelea kukunja, lakini mikono ikapungua mwendo.

Kitinda akamsalimu. Jirani akaitikia. Kitinda akakaa upande wa pili wa benchi, kapu likiwa kati yao. Alikuwa ameyapanga maneno mengi tangu Alhamisi, mengine makali, mengine ya kumkumbusha Mungu aliyeapa kwake. Yote akayaona mazito kwa chumba kile chenye joto na harufu ya sabuni. Alikuwa amechoka kueleza. Siku tano alikuwa ameeleza kibetri, mti, ukoo wake wote mpaka baba wa tano.

Akasema anajua baba yake ni mkali. Akasema hamwombi ajiite mwizi, wala afute alichoandika mwanzo, wala amwombe yeye radhi. Jirani akachukua soksi moja, akatafuta mwenzake kwenye kapu.

"Andika tu uliloniambia Ijumaa ile mlangoni," Kitinda akasema. "Kwamba utaitazama kwa macho. Mstari mmoja. Karatasi ninayo hapa, na kalamu. Utaniandikia?"

Jirani akageuza nguo zote upande mmoja wa kapu, kisha upande mwingine. Akalipata soksi la pili, akaliunganisha na la kwanza, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Akachukua shati. Kitinda akaweka karatasi kwenye benchi, kalamu juu yake isipeperuke, akangoja.